Bi Changanya Akataa Kuchagua

Jina la Bi Changanya alipewa kwa kejeli, na yeye akalivaa likamkaa.

Ilikuwa kwenye kikao cha idara ya fizikia, katika kile chumba chenye meza ndefu iliyochakaa kingo na mapazia ambayo hayajawahi kufungika tangu yatundikwe. Walimu walikuwa wakieleza, mmoja baada ya mwingine, utafiti wanaokusudia kuufanya. Wa kwanza alikuwa na nyota zake, wa pili na sumaku zake, wa tatu na chembe ndogo ambazo hakuna aliyewahi kuziona wala anayetarajia kuziona. Wote walipigiwa makofi ya adabu. Zamu yake ilipofika akasimama, akajipangusa chaki mikononi, akasema anataka kuandika tasnifu ya uzamivu juu ya jambo moja tu: neno la mtu wa chini linafikaje kwa mkubwa, na likishafika, ni neno lile lile bado?

"Hesabu nitazitoa kwetu hapa," alisema, "zile za nadharia zinazoeleza jinsi ishara inavyozama ndani ya kelele. Mfano wa kale nitautoa kwenye Torati ya Wayahudi, pale Musa anapochoka kusikiliza mashauri ya watu kutwa nzima, na baba mkwe wake anamshauri aweke wakuu wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Na mfano wa leo nitautoa kiwandani, maana kiwanda nacho ni watu waliopangwa ngazi kwa ngazi."

Mkuu wa idara, mtu ambaye suruali zake zilipigwa pasi mpaka mkunjo ungeweza kukatia mkate, akavua miwani akaiweka mezani.

"Mwalimu," akasema taratibu, "hiyo ni tasnifu au ni zege? Maana naona mchanga, naona kokoto, naona saruji. Hapa sisi hatuchanganyi."

Kutoka mwisho wa meza mtu akanong'ona, "Bi Changanya," na chumba kizima kikaangua kicheko. Yeye mwenyewe alicheka. Lakini kesho yake asubuhi waliopita kwenye korido walikuta mlango wa ofisi yake umebandikwa karatasi yenye maandishi mekundu: BI CHANGANYA. BISHA HODI.

Wakati huo alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye mvi mbili tatu alizokataa kuzipaka rangi, anaishi na mama yake mzazi kwenye nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya tatu. Alikuwa amewafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa muda mrefu kiasi kwamba alikutana nao mjini wakiwa tayari ni wahandisi, makarani wa benki, na mmoja mtangazaji wa redio. Shahada ya uzamivu hakuwa nayo. Si kwamba kichwa kilikuwa kizito. Kila alipochagua mada ambayo idara inaipenda, alifika nayo katikati akaitupa, kwa sababu swali lililokuwa likimchoma lilikuwa mahali pengine. Wenzake walisema hana msimamo. Mama yake alisema ana msimamo mpaka unakera.

Hiyo Torati aliipata kwa njia ya miwani. Alipoajiriwa chuoni, macho yake yalianza kumsumbua ubaoni, akaenda kwa mzee mmoja fundi wa miwani mwenye duka jembamba nyuma ya posta. Mzee yule alikuwa Myahudi. Juu ya duka lake kulikuwa na chumba cha sala cha jumuiya ndogo ambayo zamani ilijaa watu. Wengine walikuwa wamehama, wengine wamekufa, na yeye alibaki na funguo na makabati ya vitabu. Ukutani dukani kulikuwa na mabango mawili ya kupimia macho. Moja lilikuwa na herufi ambazo kila mtu anazijua. La pili, alilolirithi kwa baba yake, lilikuwa na herufi za Kiebrania, kubwa juu, ndogo chini.

"Hilo la pili linasomwaje?" aliuliza yule mwalimu kijana.

"Kutoka kulia," alijibu mzee. "Lakini mimi sasa naishia mstari wa pili. Fundi wa miwani ninapofuka macho. Mwenyezi Mungu ana utani wake."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Mzee alimfundisha herufi kutoka kwenye bango lile, mstari kwa mstari kwenda chini, na alipofika mstari wa mwisho wakahamia kwenye vitabu. Makubaliano yalikuwa mepesi: yeye asome kwa sauti, mzee asikilize na kubisha. Kila wiki alipanda kile chumba cha juu, akafungua dirisha, akasoma. Na mzee alibisha kweli kweli. Ukimkubalia jambo upesi alikasirika. "Umekubali haraka mno," alikuwa akisema. "Rudi nyuma. Hujasoma bado." Majirani walivumisha kwamba mwalimu amebadili dini. Mama yake akaulizwa sokoni, akajibu kwamba mwanawe hajabadili hata viatu, sembuse dini.

Sasa turudi kwenye tasnifu. Baada ya kile kikao, mkuu wa idara ya fizikia alimwambia apeleke wazo lake idara ya dini. Idara ya dini walimsikiliza kwa upole, wakamwambia kwamba mtu asiyesomea maandiko matakatifu rasmi hawezi kuyaandikia, na kwamba zile hesabu ziliwapa kizunguzungu. Ajaribu idara ya uongozi wa biashara. Uongozi wa biashara walimpokea kwa chai, wakamwambia wazo ni zuri sana, ila Musa hakuwahi kuendesha kampuni, arudi fizikia. Wakampiga danadana hivyo muhula mzima. Alichofanya ni kujaza maombi kwenye idara zote tatu kwa siku moja, na kila moja akaiandikia kwamba zile mbili nyingine zinafikiria. Ilikuwa kweli, zilikuwa zinafikiria namna ya kumkwepa. Fizikia ikamwandikisha ili aache kuwasumbua.

Kiwanda akakipata kwa shemeji yake. Dada yake mkubwa, wa tumbo moja, alikuwa ameolewa na mkuu wa wafanyakazi kwenye kiwanda cha rangi za majumba, kule pembezoni ambako kuta zote zina madoa ya rangi za majaribio. Shemeji alikuwa mtu mpole, mcheshi, mwenye kutembea na peremende mfukoni. Alimwombea ruhusa kwa meneja mkuu, na meneja mkuu akaitoa bila maswali. Alidhani chuo kikuu kinakuja kumsifia.

Wafanyakazi walipojua jina lake la utani walifurahi, maana kiwandani chumba kigumu kuliko vyote ndicho cha kuchanganyia. "Bi Changanya, umekuja kwako," walimwambia. Akavalishwa koti la kazi, akapewa kiti kibovu, akaanza kukaa nao. Hakwenda na maswali ya kujaza. Alichagua tukio moja lililokuwa bado linawauma watu, akalifuata kama mtu anayefuata bomba kutafuta panapovuja.

Tukio lenyewe lilikuwa hili. Mwaka uliotangulia, feni kubwa inayovuta hewa chafu kutoka chumba cha kuchanganyia ilikuwa imeharibika. Mvuke wa rangi ukawa unajaa mle ndani. Mama mmoja, mchanganyaji mzoefu mwenye sauti nzito, alikwenda kwa msimamizi wa zamu akamwambia, "Feni haivuti. Watu vichwa vinazunguka. Jana mwenzetu kaanguka magoti." Feni haikutengenezwa. Wiki kadhaa baadaye kijana mmoja alipata kizunguzungu juu ya ngazi karibu na pipa, akaanguka, akavunjika nyonga. Hadi leo anatembelea fimbo.

Bi Changanya aliwauliza mmoja mmoja, kuanzia chini: uliambiwa nini, na wewe ukasema nini? Msimamizi wa zamu alikumbuka kumwambia mkuu wa karakana kwamba feni haivuti vizuri na watu wananung'unika. Mkuu wa karakana alimwambia mkuu wa wafanyakazi kwamba kuna manung'uniko kuhusu feni. Mkuu wa wafanyakazi alimwambia meneja mkuu kwamba watu wa kuchanganyia wanaomba waboreshewe hewa. Na meneja mkuu, mbele ya wakurugenzi, alisema wafanyakazi wana ari ya kazi na ombi lao pekee ni feni.

Siku ile aliyokamilisha mlolongo huo alikaa kwenye kile kiti kibovu mpaka king'ora cha zamu kikalia. Kile alichokuwa akikichora ubaoni kwa miaka, ishara inayonakiliwa hatua kwa hatua na kila nakala ikiongeza kelele yake mpaka mwisho ibaki kelele tupu, sasa kilikuwa na nyonga iliyovunjika. Na mkuu wa wafanyakazi alikuwa shemeji yake.

Kwanza alikimbilia kwa fundi wa miwani, kwa sababu aliona jibu limeshampigia hodi. Alimsomea habari ya binti watano wa Selofehadi, wale ambao baba yao alikufa bila kuacha mtoto wa kiume, wakaenda kusimama mbele ya Musa na mkutano wote kudai urithi wao, na wakaambiwa kwamba wanasema haki.

"Unaona, mzee?" alisema. "Wale wakuu wote wa kumi na wa hamsini walikuwapo, na mabinti wakawaruka. Dawa ni hiyo. Kila kiwanda kiwe na mlango mmoja wa kwenda juu moja kwa moja."

Mzee aligeuza uso wake upande wa sauti. Macho yalikuwa yamekwisha kabisa kipindi hicho. "Nani kakwambia waliwaruka?"

"Imeandikwa walisimama mbele ya Musa."

"Imeandikwa walifika. Haikuandikwa walipitia wapi. Walimu wetu wa zamani wanasimulia kwamba walianza kwa wakuu wa kumi. Wakuu wa kumi wakasema, hili la urithi ni kubwa kuliko sisi, nendeni kwa wakubwa wetu. Wa hamsini wakasema vivyo hivyo. Na wa mia, na wa elfu, hadi kwa Musa, na Musa naye akasema yuko mkubwa kuliko yeye. Walipanda ngazi yote, binti. Kila kidato."

"Basi nadharia yangu imekufa."

"Hilo mimi sijui. Mimi nasema tu hawakuruka."

Alishuka zile ngazi akiwa amevimba. Wiki nzima alikuwa mkali nyumbani, akavunja kikombe, akamjibu mama yake kwa mkato. Alikuwa anaudhika kwa sababu mzee alikuwa sahihi, na kwa sababu alishajua hesabu za njia ya mkato zingekwenda vizuri kabisa kwenye karatasi. Mwishowe, akiwa darasani anawaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza jinsi mwanga unavyopita kwenye lenzi, alinyamaza katikati ya sentensi. Wanafunzi walidhani anaumwa. Akawaambia wasome wenyewe, akatoka mbio hadi nyuma ya posta.

"Mzee, walipanda wenyewe," alisema kabla hata ya salamu. "Ngazi haikuwa na kosa. Kila mkuu alisema 'nendeni,' hakusema 'nipeni nipeleke.' Neno halikubadilisha mdomo. Ukiweka lenzi tano mbele ya uso wangu, mwanga unapita, uso bado ni wangu. Lakini ukimwambia mchoraji anichore, na wa pili achore mchoro wa wa kwanza, wa tano ataleta mbuzi."

"Kuna mahali utakuwa umekosea," alisema mzee. "Lakini sipaoni sasa hivi." Kwa mtu yule, hiyo ilikuwa ni kupigiwa vigelegele.

Hesabu zikakaa sawa. Ishara inayosafirishwa na mwenyewe, hata kwenye ngazi ndefu, ilifika ikiwa hai. Inayonakiliwa ilikufa hata kwenye ngazi fupi. Akaandika sura zake tatu, fizikia, Torati na kiwanda, kila moja ikiibeba nyingine. Kisha akaenda kwa dada yake siku ya mapumziko, mchana, akawaambia wote wawili alichokiandika. Hakutaka shemeji asikie kwa watu.

Shemeji hakupiga kelele. Aliweka kisahani chini.

"Umeniandika."

"Jina sijaandika. Ila cheo ni kimoja tu kiwandani, shemeji. Watakujua."

"Unadhani mimi nilisema uongo?"

"Hapana. Hakuna aliyesema uongo. Nyote mlisema kweli, na mtu kavunjika nyonga. Hilo ndilo ninaloliandika."

"Sikiliza," akasema shemeji, na upole ulikuwa umemtoka. "Wewe hujawahi kuingia ofisi ile. Ukiingia na habari mbaya, habari inasahauliwa, unabaki wewe. 'Umefanya nini wewe? Ulikuwa wapi?' Aliyekuwa kwenye kiti changu kabla yangu alikuwa anapeleka neno kama lilivyo. Alimwaga unga ndani ya mwaka. Mimi nina watoto wanasoma. Nikalipaka mafuta kidogo lile neno ili lipite mlangoni. Lisingepakwa, lisingeingia kabisa. Andika na hilo."

"Nitaliandika," alisema Bi Changanya, na aliliandika, neno kwa neno, ukurasa mzima, bila kulipaka chochote. Alisema baadaye kwamba ndio ukurasa bora wa tasnifu yake.

Dada yake alimsindikiza hadi getini. Hapo getini akamshika mkono. "Mdogo wangu, nyumba yangu hii unaitikisa. Toa tu ile sehemu. Weka kiwanda kingine. Nani atajua?"

"Mimi nitajua, dada."

"Unapenda sana kuonekana uko sahihi wewe."

"Sipendi. Kijana yule nimekaa naye. Ananiuliza kila siku kama wale wa juu waliwahi kujua. Nimwambie nini?"

Dada aliachia mkono, akarudi ndani. Hawakuonana tena kwa miezi mingi, na hilo lilimuuma kuliko yote yaliyofuata.

Meneja mkuu alipata habari, akamwita. Ofisi ilikuwa na zulia nene linalomeza hatua za mtu, na madirisha yasiyopitisha sauti ya mashine. Alimwambia kwamba ruhusa ilikuwa ya utafiti, si ya upelelezi, kwamba kampuni ni rafiki wa chuo, na imepaka rangi jengo zima la utawala bila kudai asante, kwamba atafurahi ile sura ya kiwanda ikiondolewa, au ikibakia "kwa ujumla jumla."

"Mheshimiwa," alijibu, "kwa ujumla jumla ndiyo iliyomvunja yule kijana."

"Naweza kuzungumza na chuo."

"Zungumza nao. Ila nenda mwenyewe, usitume mtu. Nimeandika sababu kwenye sura ya tatu."

Akatoka. Alishuka hadi chumba cha kuchanganyia, akawaaga watu mmoja mmoja kwa mkono, maana alijua getini hataruhusiwa tena. Yule mama wa sauti nzito alimuuliza, "Wamekufukuza?" Akajibu, "Nimewaachia hewa." Wakacheka, ingawa haikuwa ya kuchekesha.

Jopo la kumtahini lilikaa mwezi uliofuata: msomi mmoja wa fizikia, mmoja wa dini, mmoja wa uongozi, na mkuu wa idara kama mwenyekiti. Wa fizikia alisema hesabu ni safi, aondoe hadithi. Wa dini alisema ufafanuzi wa maandiko una uzito usiotarajiwa, aondoe hesabu. Wa uongozi alisema kila kitu ni kizuri, ila ile sura ya kiwanda ina ukali, na Musa bado anamtatiza. Mkuu wa idara akafunga: achague moja, aondoe mbili, kiwanda kitajwe kwa mbali, na shahada ipo.

"Chagua tu, Mwalimu," alisema, karibu kwa huruma. "Watu wote huchagua."

"Hesabu peke yake inasema neno linapotea, haisemi linampoteza nani," alijibu. "Torati peke yake inasema mabinti walifika, haisemi kwa nini wengine hawafiki. Kiwanda peke yake ni umbea. Nikiondoa moja, zilizobaki zinaanguka. Sichagui."

Wakaandika kwamba tasnifu haijapita, na maoni yao yakapelekwa kwenye bodi ya kitivo, ambayo nayo ingepeleka muhtasari kwenye baraza la chuo.

Ndipo alipofanya jambo ambalo bado linasimuliwa kwenye korido zile. Aliomba kupanda mwenyewe. Kanuni hazikukataza, hakuna aliyewahi kufikiria kwamba mtu angetaka. Alikwenda kwa mkuu wa kitivo na tasnifu yake kifuani, akabisha hodi, akasema hataki muhtasari wa jopo umsemee, anaomba asikilizwe kwa mdomo wake. Mkuu wa kitivo akasema hilo ni kubwa kuliko yeye. "Vizuri sana," alisema Bi Changanya, na yule bwana hakuelewa kwa nini mwanamke huyu anafurahi kukataliwa. "Sasa niandikie kwamba niende mwenyewe kwa anayefuata." Mkurugenzi wa masomo ya juu naye akasema ni kubwa kuliko yeye. Makamu mkuu wa chuo alimweka benchi nje ya mlango wake siku tatu mfululizo. Alikuja na kazi za wanafunzi, akasahihisha pale pale benchini. Katibu muhtasi, aliyeanza kwa kununa, siku ya tatu alimletea mto wa kukalia.

Baraza lilimsikiliza hatimaye, watu wengi waliojaa ukumbi wenye harufu ya rangi mpya. Alisimama bila karatasi, akaeleza yote matatu kwa pamoja. Mkuu wa idara alipinga. Mtu mmoja aliuliza kama ni kweli amebadili dini. Kisha mwanahisabati mmoja mzee, mama mwenye fimbo na sauti ndogo, akainua mkono.

"Neno limefika kwa mkubwa, zima, kwa mdomo wa mwenyewe," alisema. "Na mkubwa hataki kusikia. Hesabu zako zinasemaje hapo?"

Bi Changanya akamgeukia.

"Hazisemi kitu," alisema. "Hapo sijafika."

"Vyema," alisema yule mama, akaketi. "Nilitaka kujua kama utanidanganya."

Kura zilipigwa, na tasnifu ikapita kwa tofauti ndogo. Waligombana tena, baada ya yeye kutoka, juu ya shahada iandikwe ya fani gani, na kwa kuwa hawakuafikiana, ikaandikwa uzamivu tu, bila fani. Makarani walidhani ni kosa la uchapaji, wakataka kuirudisha. Aliwazuia.

Kiwandani mambo hayakuwa mepesi hivyo. Tasnifu ilipokwisha kuwekwa maktaba, nakala zake zilianza kuonekana kwenye vyumba vya kubadilishia nguo. Yule mama wa sauti nzito na akina mama wenzake wanne walipanda siku moja wakiwa na makoti yao ya kazi, kuanzia kwa msimamizi wa zamu, mlango kwa mlango, wakikataa kila mtu aliyesema "nipeni nipeleke." Walifika kwenye lile zulia nene wakaliacha na alama za viatu. Feni mpya ilifungwa. Yule kijana aligharamiwa matibabu aliyokuwa amenyimwa. Lakini wawili kati ya wale akina mama walihamishiwa ghala la mbali kwa visingizio, na yule mama mwenyewe alipewa onyo. Hakulitia maanani. Aliliweka chini ya mguu wa meza yake iliyokuwa ikicheza.

Shemeji hakumwaga unga. Alishushwa cheo, akawa msimamizi wa mafunzo, kazi ambayo kwa siri aliipenda zaidi. Hakuomba radhi na Bi Changanya hakumwomba. Siku dada alipokuja kumwona mama yao alimleta mumewe, naye akaketi kwenye kochi, akala peremende zake, na mwisho akasema, bila kumtazama mtu, kwamba ule ukurasa wake ameusoma, na kwamba nukta mbili tatu hazikukaa mahali pake. Bi Changanya akaenda kuchukua kalamu. Dada akawaangalia wote wawili, akatikisa kichwa, akaingia jikoni kwa mama.

Siku hizi Bi Changanya anaitwa na makampuni kufundisha wakubwa wao. Benki moja ilimpigia simu juzi juzi: walisikia ana mbinu nzuri ya mawasiliano kazini, wangependa aje, ila Torati na fizikia aziache nyumbani, wakubwa wana haraka. Aliwajibu kwamba ataziacha nyumbani, na yeye atabaki nazo humo humo. Akakata simu, akarudi kwenye karatasi yake, kwenye lile swali la sikio lisilotaka kusikia. Mpaka sasa hajalipatia hesabu. Mkuu wa idara amemshauri, kwa nia njema safari hii, ajikite kwenye fizikia pekee. Yeye ameanza kusoma kitabu cha Ayubu, aliyelia hadi juu akidai asikilizwe.